Sura ya Nne: Kilima Chenye Kipara

Mzee aliweka ncha ya fimbo yake ardhini, akaivuta polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama fundi anayechora msingi wa nyumba.

"Mwana, angaria. Huku nyuma, miti. Huku mbele, hapana."

Nikageuka kutazama tulikotoka. Miombo ilikuwa imesimama imeshikana, majani bado mabichi, maana ulikuwa mwisho wa Aprili na mvua ndiyo kwanza zinakatika. Mbele yetu, hatua kumi hivi, miti ilikoma. Haikupungua kidogo kidogo kama inavyopungua pembeni mwa shamba; ilikoma. Baada ya hapo palikuwa na vichaka vichache vilivyodumaa, kisha nyasi zisizofika magotini, kisha mawe, na kilima kikapanda wazi mpaka kileleni bila kivuli cha kumtosha mbuzi mmoja.

Hakuna aliyekata miti pale. Wachoma makaa wamefagia karibu kila kitu kandokando ya barabara ya Kolwezi na Likasi, lakini juu ya kilima hiki hawakuwahi kuwa na cha kukata. Wala si mvua iliyokinyima. Nchi hii hupata mvua ya kutosha mahindi kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na wingu halichagui kilima. Hili ni jangwa, ila jua halina lawama. Jangwa hili limefanywa na shaba.

Udongo wa kawaida huwa na shaba ya miligramu makumi kadhaa tu katika kilo moja. Udongo wa vilima vya namna hii huwa na maelfu, na mahali pengine hupita elfu kumi. Mzizi wa mti wa miombo ukigusa hapo unaungua kama uliotiwa dawa. Kwa hiyo msitu unazunguka kilima, unakiacha kichwa wazi, na mtu aliyesimama mbali anakiona kama kipara cha mzee kati ya nywele. Vilima vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya 100, vimetawanyika kutoka Kolwezi kupitia Tenke, Fungurume, Kambove na Likasi hadi Lubumbashi na kuvuka. Ninasema vilikuwa, na sura hii yote inatokana na neno hilo.

Jina la kilima tulichopanda sitalitaja. Kilima kisicho na mlinzi, ukikitaja leo kitabuni, kesho kina mashimo. Na kilima chenye mlinzi nacho kina mambo yake: kwa kilima kingine, kilicho ndani ya eneo la kampuni moja, nilikaa getini siku tatu na barua yangu yenye mihuri miwili, nikaambiwa unahitajika muhuri wa tatu. Niliondoka bila kujua wa nani.

Mzee ninayemwita Mzee katika sura hii alifanya kazi ujanani kubeba nyundo na mifuko ya sampuli za wataalamu wa mawe. Hakusoma jiolojia, lakini ameitembea. Anapanda mlima mikono ikiwa mgongoni, na haangalii kilele hata mara moja. Macho yake yako chini, hatua moja mbele ya kiatu.

Njia yenyewe ni ya miguu ya watu na mbuzi. Inaanza katika udongo mwekundu, karibu na vichuguu vya mchwa ambavyo katika Katanga si vile vya kurukwa na mtoto: vingine vina mita nane kwenda juu, na watu hukata udongo wake kufyatua matofali. Ukishavuka ule mstari wa miti, udongo unakuwa mwepesi na wa kijivu, na mawe yanaanza kutokeza. Ni mawe yaliyotoboka-toboka kama sega la nyuki, makali, ya kuchana soli. Mzee alipiga moja kwa fimbo, likalia kama chungu.

Jiwe hilo ndilo linalokifanya kilima kuwa kilima. Zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi, na kwenye matope yake viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vilijenga tabaka juu ya tabaka. Baadaye sana ardhi ilikunjwa, tabaka hizo zikavunjika, vipande vikubwa vikasukumwa juu na kuachwa vimesimama wima kama vigae vya chungu kilichoanguka. Mvua za mamilioni ya miaka zimekula miamba laini iliyovizunguka, lakini sega hili gumu limekataa kuliwa. Ndani yake na kandokando yake imo shaba, pamoja na kobalti.

Nusu ya njia, Mzee aliinama kwa mara ya kwanza. Aliokota kitu kisichozidi punje ya hindi, akakitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba. Rangi ikatoka: kijani kilichoiva, chenye mistari myeusi myembamba, kama ubawa wa nzi wa chooni. Malakiti. Akanipa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

"Hii ndiyo wazee walikuwa wanakula," akasema.

Hakuwa anatania. Mwaka 1926 mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliandika kijitabu juu ya watu aliowaita walaji wa shaba wa Katanga, na jina hilo halikutoka kichwani mwake. Ndivyo wayeyushaji walivyojiita. Kula shaba ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukishavunwa, kuanzia Mei, kijiji kilihamia karibu na kilima. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi na kuyaosha mtoni. Wanaume walishuka kwenye mashimo membamba. Makaa yalichomwa kutokana na miti migumu iliyochaguliwa, tanuru likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mirija ya udongo ikaingizwa chini yake, na mivukuto ya ngozi za swala ikaanza kupuliza. Kwa Kisanga, lugha ya wenye vilima hivi, shaba ni mukuba. Iliyotoka tanurini iliyeyushwa tena, ikamiminwa kwenye kalibu iliyochorwa mchangani, ikawa msalaba wenye mikono minne.

Misalaba hiyo haina uhusiano na padre. Ni ya zamani kuliko padre yeyote katika nchi hii. Huko chini kwenye bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale waliofungua makaburi ya Sanga kuanzia mwaka 1957 walikuta misalaba midogo ya shaba imewekwa pamoja na wafu, na shaba haichimbwi Kisale. Ilishuka kutoka vilima hivi. Ilikuwa fedha, ilikuwa mahari, ilikuwa heshima ya msiba. Hata wale waliotangaza Katanga kuwa nchi peke yake mwaka 1960 hawakupata alama nyingine bora: walitia misalaba mitatu kwenye bendera yao, na mwaka 1961 wakatoa sarafu zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Ndizi sijawahi kuelewa ilifuata nini.

Biashara ya misalaba na mawe ya kijani ndiyo iliyomleta baba yake Msiri, Kalasa, kutoka Unyamwezi, na ndiyo iliyomfanya Msiri mwenyewe abaki na kujenga dola yake Bunkeya, mji ambao leo uko ndani ya mkoa huu wa Lualaba. Hadithi yake tuliimaliza katika sura iliyopita: msafara wa Stairs, uliotoka Zanzibar na wapagazi wake, risasi ya Bodson tarehe 20 Desemba 1891, na Bodson mwenyewe kuuawa katika mapambano hayo hayo. Hapa nitaongeza jambo moja tu. Basanga, wenye vilima hivi, walikuwa wamemwasi Msiri kabla Wazungu hawajafika, na alipokufa walidhani mzigo umetuliwa. Haukutuliwa. Ulibadilishwa kichwa.

Chifu mmoja wa Basanga, Mulume Niama, alikataa. Askari wa dola ya Leopold walimfuata na mizinga; watu wake wakaua ofisa mmoja, kisha wakarudi nyuma na kuingia katika pango kubwa la mawe ya chokaa liitwalo Tshamakele. Pango lilikuwa na milango mitatu. Askari waliwasha moto kwenye yote mitatu ili moshi uwatoe. Baada ya wiki moja wakatuma mjumbe wa kuzungumza; jibu likawa hapana. Moto ukawashwa tena, milango ikazibwa, na muda wa miezi mitatu ukapita. Walipoingia hatimaye walihesabu maiti 178. Kisha wakaporomosha mawe juu ya pango ili pasiwe na kaburi la kuhijiwa na mtu.

Katika nchi nyingine pango hilo lingekuwa na njia iliyosafishwa, kibao, na mtoto wa shule mwenye daftari. Mimi nimewauliza vijana wengi wa Kolwezi, wenye simu zenye kobalti mfukoni, kuhusu Mulume Niama. Wawili walidhani ninaulizia kilabu cha mpira.

Karibu na kilele nyasi zenyewe zilikonda. Hapo ndipo maua yalipoanza, na hapo ndipo Mzee alipopunguza mwendo. Kwanza mmea wa jamii ya Xerophyta, shina jeusi lenye magamba, ambao wakati wa kiangazi hukauka mpaka ukaapa kuwa umekufa, kisha mvua ya kwanza ikaufufua. Halafu kijimti kifupi chenye maua ya manjano, ndugu wa marejea ambayo wakulima wa Tanzania hupanda kurutubisha shamba. Huyu ndugu wa Katanga wataalamu wamempa jina la kobalti, Crotalaria cobalticola, kwa sababu ndiko anakoishi. Na mwisho, kwenye ardhi iliyochakurwa pembeni mwa shimo la kale, lile ambalo Wafaransa na Wabelgiji huliita ua la shaba: Haumaniastrum katangense.

Nilipiga magoti. Ni mmea usiozidi urefu wa mkono, wa ukoo mmoja na mrehani, na ukifikicha jani utadhani uko jikoni kwa shangazi. Kichwa cha ua ni kidogo kama kishungi cha kofia, cha zambarau. Kilikuwa kimesimama kwenye kokoto tupu, hakuna jani la mmea mwingine ndani ya shibiri moja.

Mwaka 1958 mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alichapisha utafiti wake mkubwa wa mimea ya Katanga na udongo wenye madini, na wengine wakamfuata, akiwamo François Malaisse. Wameorodhesha zaidi ya spishi 600 juu ya vilima hivi, na takriban 30 kati yake hazioti mahali pengine popote duniani. Watu husema mimea hii inapenda shaba. Kwa ua la shaba mambo si hivyo. Ukilipanda kwenye udongo wa kawaida na kulipalilia, linaweza kuota. Linachoshindwa ni kuishi na majirani. Nyasi za kawaida hulisonga. Juu ya kilima nyasi hizo hazifiki. Limepata amani kwa kuhamia mahali ambapo wengine wanakufa.

Tabia hiyo imelifanya kuwa msaidizi wa wachunguzi wa mambo ya kale, na kati ya yote niliyojifunza kwa ajili ya kitabu hiki, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Wayeyushaji wa zamani hawakujenga tanuru kileleni. Walibeba mawe mpaka kwenye kichuguu, kwenye maji, kwenye miti ya makaa, wakayeyushia huko. Vumbi na takataka za tanuru zikatia udongo wa hapo sumu. Tanuru likabomoka, kijiji kikahama, jina lake likasahaulika, lakini kila mwaka mvua zinapokwisha ua la zambarau huota pale pale, mbali na kilima chochote. Watafiti karibu na Lubumbashi walifuata maua hayo, wakachimba chini yake, wakakuta matanuru.

Ni dhahiri kwamba waliokuja na dira na hema walijifunza haraka kusoma kipara. Mwanajiolojia Jules Cornet alipita hapa mwaka 1892 na msafara wa Bia na Francqui. Baada yake wakaja watu wa Robert Williams kutoka kusini, na kazi yao ya kugundua ilikuwa zaidi kuongozwa na wenyeji mpaka kwenye mashimo ya zamani. Kampuni ya uchimbaji ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906, shaba ya kwanza ikamiminwa Lubumbashi mwaka 1911, mji wa Kolwezi ukapangwa mwaka 1937. Musonoi, Kamoto, Dikuluwe, Mashamba: mzaliwa wa hapa akisikia majina hayo anaona shimo, ngazi zake kubwa zinazoshuka, na maji ya buluu chini. Juu ya mashimo hayo palikuwa na vilima. Mwaka 1986 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa tani 476,000 za shaba. Leo nchi nzima hutoa zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Na pale ambapo hapakuwa na kilima cha kusoma, watu wamechimba hata ndani ya nyumba, kama katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mwaka 2014, baada ya mkazi mmoja kukuta kobalti uani kwake.

Mlima ukiliwa haupotei wote. Ukisimama kileleni kwetu siku isiyo na ukungu unaona weupe upande wa Kolwezi. Wageni hudhani ni ziwa. Mzee aliutazama kidogo akasema neno moja: "Kingamyambo."

Ni mchanga. Kwa miongo mingi mawe ya vilima yalisagwa Kolwezi kuwa unga, yakaoshwa, shaba iliyoweza kukamatwa ikakamatwa, na tope lililobaki likamwagwa Kingamyambo na kwenye bonde la mto Musonoi. Lilikusanyika zaidi ya tani milioni 100. Mwezi wa Agosti, upepo ukianza, mchanga ule unatembea, unaingia kwenye ugali tuuitao bukari, kwenye masikio, kwenye shuka zilizoanikwa. Nikiwa mtoto nilidhani jangwa la Sahara, kwenye kitabu cha shule, ni Kingamyambo ya nchi nyingine. Na ndani yake bado mna shaba kama asilimia moja na nusu, ambayo ni tajiri kuliko migodi mingi inayojivunia leo duniani. Kwa hiyo takataka hizo nazo zinachimbuliwa upya.

Yapo mapori yaliyolindwa katika Katanga, na ninayaheshimu. Hifadhi ya Upemba ilitangazwa tarehe 15 Mei 1939, na kwenye nyanda za juu za Kibara bado wamo pundamilia wa mwisho wa Kongo. Hifadhi ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, na maporomoko yake ya Lofoi hudondoka zaidi ya mita 340. Mtu anayetaka kutembea siku tatu bila kuona lori aende huko. Lakini hifadhi hizo zililenga wanyama na mandhari. Mmea mdogo wenye harufu ya mrehani hakuna aliyeupigia kengele mpaka migodi mipya ilipofika Tenke na Fungurume, wataalamu wa Lubumbashi na Ubelgiji wakaanza kuhamisha mimea kutoka vilima vinavyokaribia kukatwa kwenda mahali pa usalama, na mbegu zikahifadhiwa kwenye bustani ya mimea ya Meise, karibu na Brussels. Naiheshimu kazi hiyo pia. Mbegu iliyo kwenye jokofu Ubelgiji, hata hivyo, mtoto wa Kolwezi hawezi kuipandia mlima siku ya Jumapili.

Ningeulizwa, ningeomba kilima kimoja. Kimoja tu, chenye kipara kizima, na njia ya miguu inayoanza kwenye mstari wa miti alipochora Mzee. Watu wapite kwenye kichuguu waelezwe tanuru, waguse jiwe la sega, waonyeshwe shimo la wazee bila kulishukia, wasimuliwe habari za Tshamakele wakiwa kivulini kabla ya kuanza kupanda, na kileleni wageuzwe uso upande wa Kingamyambo. Saa mbili zingetosha, na viatu vya kawaida. Mzee nilipomweleza mpango huu alicheka, akauliza tikiti itauzwa shilingi ngapi. Wazee wa hapa bado wanasema shilingi wanapotania, ingawa mfukoni mna faranga.

Tuliteremka jua likiwa limeegemea. Gari lilitungoja barabarani, kwenye kona ambapo malori yanayobeba mawe hupunguza mwendo na kila mara moja au mawili hudondoka. Mzee alikuwa ameshashika mlango, akauachia. Alivuka upande wa pili wa lami bila kuangalia kushoto wala kulia, nikamfuata nikipiga kelele. Pale kando ya mtaro, kwenye kokoto za kijani zilizosagwa na magurudumu, yalikuwa yameota maua ya shaba, mashina kumi na mawili au kumi na matatu, mbali kabisa na kilima.

Mzee aliinama, akayatazama, akaanza kucheka peke yake.

"Siku moja mutu atakuya kuchimba hapa," akasema. "Atasema, wazee walikuwa wanayeyusha mukuba kwenye hii kona."

Akarudi garini akapandisha kioo upesi, maana lori jingine lilikuwa linakuja.